Mgonjwa Niliyemwita Mkaidi

Siku niliyoandika neno "mkaidi" kwenye faili la mgonjwa naikumbuka vizuri, mwanangu. Leo nikiikumbuka nacheka, ila siku yenyewe sikucheka. Nilikuwa muuguzi mpya kwenye kituo kimoja cha afya bonde la Momba, sare imenyooshwa pasi, kichwa kimejaa vitabu. Nilijiona najua kila kitu, si unajua tena ujana.

Mgonjwa aliitwa Yona, kijana wa kwaya. Akili ilikuwa imemruka, akawa anaimba barabarani mchana kutwa, chakula hataki. Tukamchoma sindano za kutuliza akili, akatulia, akaenda nyumbani. Siku ya tatu mama yake akamrudisha, amemfunga kwa khanga mbili kwenye baiskeli ya mjomba wake. Homa inamchemsha, jasho linamtiririka, macho yamekodoka, hasemi. Nikamwambia afungue mdomo. Kimya. Nikamwambia akunje mkono. Wapi! Damu yake tukaipima, malaria haikuonekana. Basi nikaamua wazimu umerudi na kiburi juu yake. Nikaandika "mgonjwa mkaidi", nikavuta sindano nyingine ileile.

Mama yake akanishika mkono. Akasema polepole, kwa lafudhi yetu ya Kinamwanga, "Sista, kichaa cha mwanangu kinaimba. Hiki hakiimbi. Hiki sicho."

Nilitaka kumkemea, lakini tabibu wetu, mzee Simkoko, alikuwa mlangoni na alimsikia. Akaja kujaribu kuukunja mkono wa Yona, mgumu kama mpini wa jembe. Mapigo ya moyo yanakimbia. Akauliza huyu kachomwa nini, na lini. Nilipomjibu, akaichukua sindano mkononi mwangu akaiweka mbali.

"Hakatai kukunja, binti. Hawezi. Dawa yetu ndiyo inayomuua."

Nilitamani ardhi ipasuke. Tukamtundikia dripu, tukampoza kwa vitambaa vya maji, gari likamkimbiza hospitali kubwa na mama yake ubavuni. Mimi nikabaki nalia chooni.

Hakufa, mwanangu! Wiki kadhaa baadaye nikasikia mtu anaimba tangu getini. Alikuwa Yona. Nikashtuka, nikamtazama mama yake aliyefuatana naye, naye akacheka, akasema huo ni wimbo wa kwaya tu. Madaktari walikuwa wamembadilishia dawa, wakaianza kidogo kidogo huku wakimwangalia. Yona akasimama mbele yangu, akapanua mdomo mpaka nikaona magego. "Sista, leo nimefungua. Inatosha?"

Sasa ana wajukuu, na tukikutana sokoni Tunduma bado ananipanulia mdomo mbele za watu.

Basi nisikilize, wewe unayeanza kazi. Mtu anayetumia dawa za akili akipata homa, malaria mpime, ila usiishie hapo. Mkunje mkono, hesabu mapigo, uliza kapewa dawa gani. Akiwa anachemka na amekakamaa, simamisha dawa hiyo, umkimbize hospitali saa hiyohiyo. Na kabla hujamwita mtu mkaidi, muulize mama yake ugonjwa wake huwaje. Mungu akupe masikio mapana na mikono myepesi, na wagonjwa wako wapone, wakuimbie hadi uwaombe wapumzike.