Chumba cha Wenye Ndoa

Blanketi lilikuwa la kijivu, lenye mstari mwekundu kila mwisho. Kila mtoto aliyezaliwa kambini, kwenye shamba la chai kule Mufindi, alipewa moja. Mama wa mtoto alikwenda kulichukua kwa dresa, yule mtu wa dawa wa shamba, siku ya kumpeleka mtoto kutazamwa. Ilikuwa sheria yao. Wazungu wa shamba walikuwa wamechoka na wanaume wanaochuma chai msimu mmoja, halafu wanapanda lori kwenda Mbeya kuandikishwa migodi ya Kusini. Wakakaa wakafikiri, wakaona mwanaume mwenye mke na mtoto hatoroki. Basi wakajenga vyumba vya wenye ndoa, wakaongeza posho ya mke, na hilo blanketi juu yake.

Mume wangu naye alikuwa wa kwenda Kusini. Kwao ni milimani juu ya Mbeya, na kaka zake wote walishakwenda, mmoja hakurudi. Mama yake alimlilia asiende, naye akaacha. Ndivyo alivyokuja kuchuma chai upande wetu wa Iringa, ndivyo alivyonikuta Kalenga nyumbani kwa mama, msichana wa darasa la pili anayejua kusoma zaburi na kukamua ng'ombe. Hiyo ni miaka ya hamsini, Uhuru haujaja. Watu wote wa kambi ile nawakumbuka kwa majina yao, na ya baba zao, mpaka majina ya mbwa. Lakini siyaandiki. Wengi wana wajukuu, na wajukuu hawajanikosea.

Sasa nieleze desturi yetu, maana vijana wa leo hawaijui. Mwanamke akijifungua, halali tena na mumewe. Anarudi kwa mama yake na mtoto, anakaa huko, ananyonyesha. Anakaa mpaka mtoto aweze kutumwa. Kutumwa maana yake nini? Unamwambia, "Niletee kikombe," anakwenda kwa miguu yake, anakileta. Hapo tu ndipo mama anarudi kwa mumewe kutafuta mwingine. Zamani mwanaume alikuwa na mke wa pili wa kumpikia, akavumilia. Baba mkwe wangu alikuwa nao wawili mpaka mwinjilisti alipomwambia achague mmoja ndipo abatizwe. Mume wangu alibatizwa mdogo, alikuwa na mimi peke yangu. Manesi wa leo wakija na mambo yao ya uzazi wa mpango, wanatufundisha kupishanisha watoto, mimi nawasikiliza tu. Mpango tulikuwa nao.

Binti yangu wa kwanza alizaliwa kambini wakati wa ukungu, kabla mvua hazijaanza. Mama alikuja kunichukua. Alipanda lori pale Ipogolo na kibuyu cha maziwa na unga wa ulezi, akafika amelowa ukungu mpaka mifupani. Hakuingia chumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwa nyapara.

"Kamwene, mwanangu. Nimekuja kumchukua mzazi wangu."

"Kamwene, mama. Kumpeleka wapi?"

"Nyumbani. Mpaka mtoto atumwe."

Nyapara alicheka, si kwa ubaya. Alikuwa Mbena, mtu wa utani. "Mama, mtoto wa kike mtamtuma hata kesho, mnawajua wenyewe. Mimi nakupa mwezi mmoja. Mwezi ukipita, chumba nampa mwingine. Hiki ni chumba cha wenye ndoa, hakikai na nusu ya ndoa."

"Huyo mwanaume si alale kwa wenzake?"

"Kwenye lile banda la wahuni wasio na wake? Posho ya mke inakatwa, na huyu akirudi hana pa kuweka kichwa. Wapo watu na wake zao wanasubiri chumba, wanalala ghalani na mbolea."

Mama alimtazama sana. "Kwani huko kwenu hakuna wazee?"

"Wapo, mama. Wanakula posho ninayowapelekea."

Tulikwenda Kalenga ule mwezi. Mwishoni mume wangu akaja, akakaa kwenye kigoda nje, anazungusha kofia mikononi. Hakuwa mtu mkali. Alimwambia mama yangu kwamba chumba kikipotea na kazi inalegea, na kazi ikilegea itabaki Kusini. Akasema ameshafikiri, tutalala mzungu wa nne, kichwa changu huku, kichwa chake kule, mtoto ukutani.

"Mzungu wa nne!" mama alisema. "Baridi ya Mufindi, kitanda kimoja, blanketi mbili, halafu mzungu wa nne! Mkwe wangu, hata ng'ombe wangu wakikusikia watacheka."

Watu wote walicheka. Na mimi nilicheka. Nilikuwa na hamu ya kwenda, niseme ukweli, nilimpenda yule mwanaume.

Mengine hayaandikwi. Yule mtoto alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta nilipojua nina mimba. Sikumwambia mtu, lakini wanawake wa kambini wanajua kabla yako. Pale bombani mmoja alinitazama ninavyoinama, akasema kwa sauti ya wote, "Mwenzetu, wewe unalea mtoto au unalea chumba?" Wakacheka. Halafu mwingine, mtu mzima, akanivuta pembeni.

"Mwachishe leo. Leo hii, usingoje kesho. Maziwa ya mimba ni sumu kwa mtoto aliyetangulia."

Hivyo ndivyo tulivyojua sisi, mama yangu alijua hivyo, na mama yake. Nilipaka shubiri kwenye titi. Alionja, akanitazama kama anayeuliza kitu, akaonja tena. Kisha akalia mpaka sauti ikakauka. Nilimkorogea uji wa unga wa posho, ule mweupe, mwembamba. Hakukuwa na kitu kingine. Maziwa ya kambi yalikuwa ya nyumba ya Mzungu.

Aliacha kushika ukuta. Akawa anakaa pale unapomweka. Nywele zake zikawa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi, miguu ikavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Watu walianza kusema amebemendwa. Ni neno baya. Maana yake wazazi walilala pamoja kabla ya wakati, ndiyo maana mtoto ameharibika. Hawakusema mbele yangu. Walinyamaza nikifika, basi.

Dresa alimshika miguu, akasema, "Huyu anataka maziwa na mayai."

"Nitayatoa wapi, bwana dresa?"

"Mimi nakwambia anachotaka. Unakokitoa hilo silijui."

Kalenga ng'ombe wa mama walikuwa wanakamuliwa asubuhi na jioni. Nililijua hilo kila nilipokoroga uji. Mume wangu akaenda kwa nyapara kuomba nimpeleke mtoto, nami nilisimama nyuma yake na mtoto mgongoni.

"Mwezi mmoja," nyapara alisema. "Sheria ni ile ile."

"Lakini mtoto anaumwa, kaka."

"Angekuwa na homa ya kambi ningekuelewa. Ugonjwa huu ameupata kitandani kwenu."

Mume wangu aligeuka, tukaondoka. Aliniambia tukiwa tunarudi, bila kunitazama, "Nenda. Chumba kipotee." Nilingojea lori la mbao, na dereva alinionea huruma akaniweka mbele. Tangu Mufindi mpaka Ipogolo mtoto hakulia. Nilikuwa nikimwinua mkono, nikiuachia unaanguka. Nilimwimbia mpaka dereva naye akawa anaimba, hajui maneno. Kutoka Ipogolo nilipata mtu wa mkokoteni wa ng'ombe, tukafika Kalenga wakati wanafunga ndama.

Mama hakunisalimia. Alikwenda zizini, akakamua wakati ule ule, maziwa yakaja na povu na moto wake. Akamlaza mtoto mapajani, akamtia tone kwa kidole. Akameza. Mama akasema, "Ameza, ameza mjukuu wangu, mke mwenzangu, ameza tukamtukane babu yako." Akatia jingine. Alimeza hilo pia, kisha yakarudi yote. Siku zilizofuata ilikuwa hivyo. Anataka, mdomo unafunguka, tumbo linakataa. Mama alikuwa amehama kitandani kwake, analala chini karibu na jiko, na kibuyu pembeni, asichelewe kama mtoto ataamka ana hamu.

Asubuhi moja mama alitoka nje na kile kibuyu, akamwaga maziwa chini, kuku wakaja. Nikajua.

Tulimzika na lile blanketi, kwa sababu ndilo lake. Mama alitaka kumvika khanga yake mpya, nikakataa, nikasema atasikia baridi. Hakuna aliyenibishia. Mume wangu alipopata habari alikuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia, akakaa kaburini, mpaka mama yangu akampelekea chakula kule kule, akakaa naye. Nilitegemea mama atamlaumu. Nadhani hata mume wangu alitegemea. Ingekuwa nafuu.

Jioni mama aliniuliza kama nitabaki sasa, nijifungulie pale, nikae mpaka huyu wa tumboni atumwe. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama miguu yake. Nilijua nikibaki chumba kitakwenda, na chumba kikienda na yeye atakwenda, Mbeya kwanza, halafu huko kaka yake alikopotelea. Nikamwambia mama hapana. Mama aliinuka, akaenda kufunga ndama, ingawa walikuwa wamekwisha kufungwa.

Tulipofika kambini nyapara alikuwa amesimama mlangoni kwetu. Alivua kofia. Alitupa pole, akamwita mtoto kwa jina, na mimi nilishangaa kwamba alilijua. Kisha akasema, kwa kuwa alitaka kutufariji na hakuwa na kitu kingine mkononi, "Mwezi haujaisha. Chumba bado chenu."

Nilizaa mtoto wa kiume humo humo. Wiki iliyofuata nilimpeleka kwa dresa. Alimgeuza, akamtazama macho na kitovu, akaandika anachoandika. Halafu akafungua kabati nyuma yake, akatoa blanketi la kijivu lenye mstari mwekundu kila mwisho, likanuka dawa ya nondo kama lile la kwanza.

Nililipokea. Mufindi kuna baridi.