Nimefuta wajukuu, nikabakiza babu

Leo nimefuta watu wanane, na saa tatu asubuhi wote wakaja ofisini.

SQL, lugha ya kuchambua data kwenye kompyuta, nimejifundisha mwenyewe jamani, sikusomeshwa na mtu. Naiomba seva ya ushirika wetu wa maziwa orodha ya wanachama, inaniletea Aloyce Mallya mara tisa. Nikajua ni marudio. DELETE! Nikabakiza mwenye namba ya uanachama ya zamani zaidi.

Mara mlango umejaa wanaume na ndoo. Mashine ya kupokelea maziwa haiwatambui, maziwa yanakaribia kuchacha.

"Aloyce ni nani hapa?"

"Sisi wote. Kila mtoto wa kwanza kapewa jina la babu. Kwani wewe si Mchagga?"

Mimi, Mchagga wa Mwika kabisa!

Nikawarudisha haraka kutoka nakala ya akiba ya jana, maziwa yakapokelewa.

Na yule niliyembakiza?

Babu mwenyewe. Marehemu.

Haya, chekeni.