Cheti Ambacho Sikukisoma

Iko siku moja naikumbuka kila ninapokuona, mwanangu, ukibonyeza vitu kwenye kompyuta bila kuvisoma. Wenzako hunitania kwamba babu huyu anashuku hata salamu. Ni kweli, nashuku. Lakini sikuzaliwa hivi, na nilipoanza kushuku nilianza vibaya.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zinafunguliwa Lindi mjini, nami, kijana wa Mchinga, nikaajiriwa katika mojawapo kwa sababu nilijua kompyuta kidogo. Majibu ya vipimo yalitoka maabara yetu ya Rondo hadi mapokezi mjini kupitia chombo cha mtandao, ruta, nilichokitunza mimi. Ndani ya ruta hiyo mlikuwa na cheti. Si karatasi, la. Ni maandishi yanayoihakikishia kompyuta kwamba inazungumza na ruta yenyewe, wala si na mtu aliyejipachika katikati. Kina tarehe ya kuanza, tarehe ya kwisha, na jina la aliyekitoa.

Sasa, umeme wetu wa siku hizo ulikatika karibu kila siku, na kompyuta ya mapokezi betri yake ndogo ya saa ilishakufa. Umeme ukirudi, saa yake ilirudi nyuma miaka mingi, ikakiona cheti kama hakijaanza kutumika, ikatoa onyo. Badala ya kununua betri, nikamfundisha Bi Zainabu, mama wa makamo aliyekaa mapokezi: "Ukiona onyo, bonyeza Endelea. Ni umeme tu huo." Nikajiona fundi kwelikweli.

Haikupita muda, siri za wagonjwa zikaanza kuvuja. Binti mmoja wa Mitwero alivunjiwa uchumba kabla hata hajaja kuchukua majibu yake. Mwenye zahanati akatuita ofisini kwake. Pale mjini waliokuwa wakiyaona majibu ni daktari na Bi Zainabu tu, na daktari hakuna aliyethubutu kumtaja. Macho yote yakamgeukia mama yule. Nami, Mungu anisamehe, nikasema mbele ya wote kwamba mara nyingi nimemkuta akinong'ona na wanawake pale benchini. Kana kwamba kuna mgonjwa anayeeleza ugonjwa wake kwa kupiga kelele!

Bi Zainabu hakulia. Alinitazama akasema, "Mwanangu, juzi na jana umeme haukukatika kabisa. Mbona onyo lilitokea? Limetoka wapi?"

Nikamjibu mtu aliyekuwa akinigawia chakula chake kila mchana: "Usitupoteze, mama." Akakabidhi funguo za mapokezi siku hiyohiyo, akaenda zake.

Swali lile halikuniacha nilale. Kesho yake asubuhi nikakifungua cheti, nikakisoma kwa mara ya kwanza. Tarehe zilikuwa sawa, lakini jina la aliyekitoa sikulijua. Nikafuata waya mkono kwa mkono, na nyuma ya kabati nikakuta kisanduku kigeni kimechomekwa kati ya ruta yangu na kompyuta, kikijifanya ruta kwa cheti chake cha uongo na kuyasoma majibu yote. Nilimkumbuka fundi wa simu aliyekuja na kitambulisho shingoni, niliyemfungulia mlango mwenyewe na kumnunulia soda. Kitambulisho chake nacho sikukisoma. Baadaye ikajulikana alitumwa na zahanati nyingine iliyotaka wagonjwa watukimbie.

Nikaenda nyumbani kwa Bi Zainabu, naye pia wa Mitwero, nikamkuta anapepeta mchele. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikamweleza yote bila kujitetea, nikamwambia mwenye zahanati anamwita arudi kazini. Akaendelea kupepeta mpaka mchele ukawa safi.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini sirudi. Mashine mliiamini mwezi mzima bila kuihoji. Mimi miaka mitatu niko nanyi, hamkuniamini hata siku moja."

Niliona aibu, mwanangu, na ninaiona hadi leo.

Leo nawe umekabidhiwa mitambo ya watu, basi nisikilize. Kila cheti kisome: nani kakitoa, kimeanza lini, kinakwisha lini. Weka kipya kabla cha zamani hakijaisha muda. Ufunguo wake wa siri usimpe mtu, hata mimi nikikuomba. Onyo likijirudia, tafuta chanzo chake ukiondoe, usimfundishe mwenzako kulipuuza. Shuku waya, shuku mgeni mwenye kitambulisho, jishuku na wewe mwenyewe. Lakini mtu unayekula naye, usimtaje kwa ubaya kabla hujamaliza kukagua kazi ya mikono yako.

Mungu akupe subira ya kusoma kilichoandikwa mbele yako, akulindie mitambo yako na usingizi wako, na asikufikishe kwenye mlango wa mtu uliyemvunjia heshima, ukasamehewa, na bado ukarudi peke yako. Amina.