Kisima Tulichochimba kwa Fedha za Gobori

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nilipovua kekee yangu mkononi nikaitia kikapuni, huku nikijiona mtu wa maana kuliko wote mtaani. Kekee ile ya fedha alinivisha mama siku ya harusi yangu. Niliivua ili inunuliwe bunduki.

Usinishangae. Nilikuwa kijana, na kijana akighadhibika huona kila maradhi yana dawa moja tu.

Kwetu ni Jiweni, upande wa Micheweni, nchi ya mawe. Muhogo wetu tuliuotesha kwenye udongo wa kiganja kimoja uliokwama baina ya jiwe na jiwe. Maji matamu yalikuwa pahali pamoja tu, chini ya pango, unashuka kwa kukanyaga vishimo walivyochonga mababu. Pango lenyewe lilikuwa katikati yetu na wenzetu wa Bondeni. Mvua zikinyesha tulikuwa ndugu, tukioana na kuzikana. Kiangazi kikiingia, maji yakawa ya kungojea yachuruzike kidogo kidogo kwenye jiwe, undugu ulikauka kabla ya pango.

Mwaka ule ulikuwa ndani ya vita vile vikubwa vya Wazungu. Mchele ulikuwa adimu, hata sanda ilitafutwa kwa shida. Shida ikizidi, watu hugeukiana. Ilianza kwa kuvunjiana mitungi. Kisha kaka yangu Hamadi akakatwa panga la bega na kijana wa Bondeni, akalala wiki tatu. Vijana wetu wakasema sasa basi. Kulikuwa na mtu Wete akiuza gobori, ile bunduki ya zamani ya kushindilia baruti. Tukilipata, tutaweka mlinzi mdomoni mwa pango, na Bondeni watateka tukipenda sisi.

Unajua ni nani aliyepita nyumba kwa nyumba kuwahimiza wanawake watoe? Ni mimi. Wakatoa vipuli, wakatoa mitali ya miguuni, wakatoa na fedha za ukili wa mikeka waliousuka mwaka mzima.

Nikafika kwa Bi Mgeni, shangazi yake baba, mjane ambaye macho yalikuwa yamemwishia nusu. Nilimkuta ukumbini anachambua kunde kwa vidole. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kikapu kile ni cha nini. Nikamweleza yote.

"Na hiyo bunduki," akaniuliza, "inateka maji?"

"Haiteki, bibi. Inalinda."

"Inalinda yale yale machache. Na Bondeni wakisikia mnayo moja watakaa kitako wawatazame? Watauza ng'ombe wao wanunue yao. Nyiye mtatafuta ya pili. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, mwanangu. Mtamaliza kila mlicho nacho, na jiwe litachuruza kama linavyochuruza leo. Miye sitoi."

Nikaondoka nimenuna. Huko njiani nikawaambia wenzangu kwamba kizee kimeingiwa na woga. Nakwambia na haya ya aibu, maana mzee anayekusimulia mazuri yake tu hakufundishi, anajisifu.

Siku ya tatu yake, baada ya sala ya alasiri, nilishuka pangoni na mtungi wangu. Nikamkuta Bikombo, mke wa mtu wa Bondeni, mwanamke niliyewahi kuvutana naye ukaya wa kichwani pale pale majini. Alikuwa peke yake, na mimba yake ya miezi minane. Aliponiona, kata ya kutekea ikamponyoka.

"Dada, usiwaite," akasema. "Nateka mtungi mmoja tu. Nina watoto nyumbani."

"Nisimwite nani?"

"Wenye bunduki."

Mwanangu, bunduki haikuwepo. Kikapu kilikuwa bado kimefunikwa kawa chumbani kwa Hamadi. Lakini habari ilikwishafika Bondeni, na gobori ambalo hatujalinunua lilikuwa linamtetemesha mwanamke mjamzito mbele yangu. Ningeweza kumwambia kweli. Sikumwambia. Nilinyamaza, na niseme nini, nilionja utamu. Utamu wa kuogopwa. Mola anisamehe.

Bikombo akajitwika mtungi ambao haujajaa, akaanza kupanda mbio. Mguu uliolowa ukateleza. Akaanguka ubavu juu ya jiwe, mtungi ukapasuka, naye akashika tumbo.

Sijui nilimfikiaje. Nilimfunga kanga yangu kiunoni, nikamtia bega kwapani, tukapanda kishimo kwa kishimo mpaka juani. Pale juu nikaona damu kwenye mguu wake. Jiweni ilikuwa karibu zaidi, lakini yeye akasema, "Nipeleke kwetu," nami nikampeleka. Njia nzima nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani, hata zile za kula na za kulala, kwa vile nilikuwa sijui nisome ipi.

Wanaume wa Bondeni walitutokea na mapanga. Mumewe akanikabili.

"Umemfanya nini mke wangu?"

Bikombo ndiye aliyenisemea: "Nimeteleza. Huyu ndiye aliyenibeba. Mwacheni."

Mkunga akamwingiza ndani. Mimi nikakaa chini uani, wamenizunguka. Mumewe alikuwa akienda na kurudi, kisha akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Ng'ombe wetu wawili tumekwishawatafutia mnunuzi. Kwa ajili ya bunduki yenu. Nasi tupate yetu." Nikamkumbuka Bi Mgeni na kunde zake. Mzee mmoja wa kwao akaniletea maji katika kata. Maji ya pango lile lile. Nikayaweka chini, sikuyanywa.

Mwadhini alipokuwa anaadhini magharibi, mkunga akatoka, anafuta mikono.

"Damu imesimama," akasema. "Na mtoto anacheza."

Ah, mwanangu! Nililia mbele ya watu niliokuwa nimeapa hawatayaona machozi yangu. Na mumewe Bikombo akageukia ukutani, naye mabega yake yanatikisika.

Asubuhi yake Hamadi alikuwa tayari kwenda Wete. Wanaume wamekusanyika barazani kwetu, pamoja na baba. Nikatokeza mlangoni, nikasema, "Kaka, naomba kekee yangu."

"Umetumwa na Bondeni?" akaniuliza, na mkono wake umeshika bega lenye kovu.

"Sikutumwa. Jana nimembeba mwanamke aliyeanguka kwa kuikimbia bunduki ambayo hatunayo. Tukiwa nayo tutabeba wangapi?"

Baba akasema, "Na maji je? Maana kiu haiondoki kwa machozi."

"Tuchimbe kisima chetu," nikajibu.

Wakacheka. Jiwe hili? Mababu walishindwa! Lakini wanawake walikuwa wamekuja nyuma yangu mmoja mmoja, na mmoja akasema, "Kama si kisima, nami nirudishieni vipuli vyangu." Na mwingine vivyo hivyo, na mwingine. Kicheko kikakatika. Baba akamtazama Hamadi kwa muda mrefu. Hamadi akakitwaa kikapu, akaondoka bila ya kuaga, na siku mbili zile nilikuwa sijui atarudi na nini.

Alirudi na mitalimbo mitatu ya chuma, nyundo mbili kubwa, na fundi wa kupasua mawe, mtu wa Makangale, mfupi, hasemi ovyo. Fundi akazunguka siku nzima akitazama miti ilipo mibichi, kisha akachora duara chini kwa kisigino.

Tulikoka moto juu ya jiwe mpaka likaalika na kuingia nyufa, vijana wakalipiga. Kutwa nzima tukipata kina cha dhiraa moja, twashukuru. Wiki ya pili wakaja vijana wa Bondeni na mtalimbo wao, wakiongozwa na mumewe Bikombo. Ng'ombe wao hawakuwauza. Hamadi akasimama na nyundo mkononi, moyo wangu ukasimama pamoja naye. Kisha akamkabidhi yule mtu nyundo, akasema, "Bega langu bado bovu. Shika weye." Ndiyo ilikuwa suluhu yao, sikusikia nyingine. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nasi tuliingia kweli, kwa zamu, Jiweni asubuhi na Bondeni jioni.

Maji yalipotoka, Hamadi aliyaonja akayatema. Yana chumvi. Nilitamani ardhi inimeze. Bi Mgeni akaomba ashikwe mkono aletwe, akaonja, akafikiri.

"Mbuzi watakunywa," akasema. "Nguo zitafuliwa, vyombo vitaoshwa, watu watakoga. Ya pangoni yaachieni mdomo peke yake. Nusu shari kuliko shari kamili."

Na kweli. Maji matamu yakatosha pande zote mbili, kiangazi kile na vilivyofuata. Bikombo akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti kali kuliko ya mwadhini.

Vita vile vya Wazungu vilipokwisha, mwalimu wa skuli alitusomea katika gazeti kwamba wakubwa wametengeneza bomu moja linaloweza kuunguza mji mzima, na mama na watoto wao ndani. Nikamuuliza, "Na limekula fedha kiasi gani?" Akasema hesabu yake haifiki huko. Tangu hapo nasikia wa pili naye analo, na wa tatu, na kila mmoja asema lake ni la kulinda. Mimi sikusoma, lakini kikapu hicho nakijua, nilikibeba kwa mkono wangu.

Basi sikiliza, mwanangu. Watu wakikwambia toa kwa ajili ya silaha, uliza kwanza kinachogombewa ni nini. Kama ni maji, toa kwa ajili ya maji. Kama ni chakula, toa kwa jembe. Fedha ya bomu moja ingejenga hospitali ngapi, ingesomesha wakunga wangapi, ingepeleka mfereji kwa watu wangapi wanaotoana roho kwa ndoo moja? Na usidanganywe kwamba silaha isiyotumika haidhuru. Inadhuru tangu inapotajwa, na cha mnyonge inakila tangu inapochangiwa. Na ukikosea kama nilivyokosea mimi, rudi mapema, hata kama watakucheka. Nilichekwa asubuhi moja tu, nikapumua maisha yangu yote.

Mola akupe umri wenye kheri, mwanangu. Akulinde na shari ya watu na shari ya nafsi yako. Akikupa mali, akuoneshe pa kuiweka, na akikupa nguvu, akutie na huruma. Amin.