Adabu Niliyoifunza Mashine

Mimi ni mtu wa Malindi mjini, na adabu nilifunzwa kwa kofi. Ndiyo maana nilipoajiriwa kuangalia kompyuta za kliniki moja huko Magarini, kilichonikera ni ukali wa zile mashine. Ukikosea, umekataliwa, basi. Hata samahani hakuna.

Nikatunga programu yangu ya kuchapisha orodha ya foleni. Niliipa mamlaka ya kufungua faili lolote, hata yale ya daktari, kwa uvivu wangu, nimechoka kuitwaitwa kila inapokwama. Kisha nikaifunza heshima: ikipewa faili lisilo lake, iombe radhi na ieleze imeona nini ndani. Nikavimba kichwa, nikawaonyesha mpaka wapishi. Mjuaji mimi!

Dada wa mapokezi, binti kutoka Kakuyuni, alikuwa karibu kuolewa. Asubuhi moja mama yake alikuja, akasema ni presha tu. Binti, kwa haraka, akaandika namba ya faili la mama mahali pa jina la orodha. Programu ikamjibu kiungwana kabisa: "Samahani bibie, hili si faili la foleni. Linaanza hivi: Saratani ya titi. Mgonjwa ameomba bintiye asiambiwe mpaka harusi ipite."

Nilikuwa nyuma yake na kikombe cha chai. Nakiri, kabla ya kusoma yaliyofuata, nilifurahi kuona lile "bibie" limekaa vizuri. Mungu anisamehe.

Kwetu habari ya namna hiyo haitupwi. Huitwa shangazi, akaja, akakaa, akajuliana hali na watu, akanywa maji, ndipo aanze kuizunguka polepole. Mimi niliiachia mashine.

Nilikimbilia ofisini kwangu, nikalifuta lile jibu, nikaipokonya programu mamlaka isifungue ila orodha ya foleni. Dakika kumi tu. Kazi ya dakika kumi, na miezi yote ile nilikuwa nikijisifu! Nikarudi kwake, nikamwambia tundu nimeliziba, hakuna mwingine atakayeona.

Mama alikuwa kwenye benchi, akimsimulia jirani habari za vitenge vya harusi na kucheka. Binti alimtazama, kisha akaniambia kwa sauti ya chini:

"Ahsante, kaka. Sasa jioni nitakula naye sahani moja. Nikae na uso gani?"