Chui Aliyeitwa Mwenzangu

Isihaka wa Ruponda hakuwahi kumtaja chui kwa jina akiwa porini. Baba yake alimfundisha hivyo hata kabla ya kumfundisha kufunga kitanzi: mnyama unayemfuata mwite "mwenzangu", maana ukimtaja kwa jina atakusikia na kugeuka. Wawindaji wote wa Kimwera waliotembea na baba yake walisema hivyo. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamekwisha kufa, na vijana ambao wangerithi neno hilo walikuwa wamekwenda kwenye mradi wa karanga wa Waingereza kuendesha matrekta.

Mmoja wa vijana hao alikuwa Swalehe, mtoto wa dada yake marehemu. Isihaka alimlea. Kijana alipotaka kwenda karangani, mjomba hakumzuia. Alimwambia pori halina mshahara.

Matrekta yaling'oa pori upande wa Nachingwea, na wanyama wakahama kama watu wanavyokimbia njaa. Mradi ulipovunjika, Swalehe alirudi nyumbani na kukuta mbuzi wanachukuliwa zizini. Kisha binti yake akachukuliwa akitoka mtoni. Nyayo zilikuwa za chui, lakini chui mwenyewe hakuna aliyemwona. Katika mashimo ya mtego hakuanguka. Vitanzi vya waya alivinusa akavizunguka. Ikaanza kusemwa kwamba chui asiyeonekana ana mtu anayemfuga. Na nani kijijini analijua pori kama Isihaka?

Jumbe Shehe alimwita, akazungumza naye kwa upole.

"Watu wamechoka, Isihaka. Sitaki uchomewe nyumba. Hama kabla ya mvua."

"Nikimwonyesha je, jumbe? Watu wakaona kwa macho kwamba ni mnyama tu?"

"Ukimwonyesha, utakaa kwenye mikorosho yako. Mimi nitasimama nawe."

Ndipo Isihaka akaenda Nachingwea kwa Saturnini, mpiga picha wa sokoni, Mngoni aliyerudi kutoka vita vya Burma na kamera. Wangoni na Wamwera ni watani.

"Mmwera," Saturnini alisema, "leo tunapiga na mkia au bila mkia?"

"Babu zako walituibia wake, Mngoni. Leo utalipa kwa kazi."

Saturnini alicheka mpaka aliposikia habari yenyewe. Alikaa chini, akachora mchangani: kamera juu ya miguu yake mitatu, balbu ya mwanga pembeni, uzi umekatiza njia. Mnyama akiuvuta uzi, anajipiga picha mwenyewe. Tatizo lilikuwa balbu. Ikiwaka mara moja imekufa, naye alibakiwa na moja. Akitangulia nungunungu, kazi imekwisha.

"Tufunge mbuzi," alisema Saturnini.

"Mbuzi ataleta fisi. Tusiweke chambo. Tumngoje njiani kwake."

Isihaka alichagua mwanya kati ya miamba miwili juu ya kijito, mwembamba kiasi kwamba nguruwe huukwepa. Uzi aliusokota wa gome, akausugua udongo usinuke mkono wa mtu, akaupandisha hadi usawa wa kifua cha chui ili nungunungu apite chini yake. Aliomba jambo moja zaidi: Swalehe awepo wakati wa kutega, asije mtu akasema picha ilipigwa kwingine.

Swalehe alikuja. Alikaa juu ya jiwe mchana kutwa, hakusaidia wala hakuzuia.

"Mwenzangu hushukia hapa," Isihaka alimweleza Saturnini, akishika mwamba. "Hutanguliza mguu wa kushoto, kwa sababu ya jiwe hili. Elekeza kamera huku."

"Basi mwambie mwenzako achane nywele," alisema Saturnini, "na asifumbe macho. Balbu ni moja."

Isihaka alicheka. Mkewe, Mwanamvua, hakuwa amesikia kicheko hicho nyumbani kwa muda mrefu.

Asubuhi waliikuta balbu imeungua. Saturnini alisafisha picha mjini, akaileta mwenyewe barazani. Ilikuwa safi: chui jike, amekonda, sikio moja limechanika, macho yanawaka, mguu wa kushoto umetangulia, kifua kiko kwenye uzi. Jumbe aliitazama, akaipitisha kwa watu. Isihaka alisubiri akiwa amenyoosha mgongo.

Swalehe aliishika picha muda mrefu kuliko wote.

"Mimi sibishi," alisema. "Huyu ni chui. Lakini sisi tulimtafuta miezi hatukumwona, na mjomba amemleta kwa siku moja. Alitwambia njia atakayopita. Alitwambia na mguu atakaotanguliza. Nilikuwepo." Alimrudishia jumbe picha. "Na alimwita mwenzangu."

Watu walimgeukia Isihaka.

"Ulimwita hivyo, Isihaka?" jumbe aliuliza.

"Nilimwita. Ndivyo wawindaji wanavyomwita. Baba yangu alimwita hivyo, wote walimwita hivyo."

"Nani yupo hapa anayelijua hilo?"

Isihaka alizungusha macho. Hakuona hata mmoja aliyewahi kulala porini na baba yake. Macho yakaishia kwa Swalehe, ambaye angelijua kama angefundishwa.

"Ni desturi ya wawindaji," Saturnini aliingilia. "Hata mimi nilitania, nikasema mwambie achane nywele."

"Ulisema," Swalehe alijibu. "Naye akacheka. Mwanangu hana hata kaburi, mjomba, nawe ulicheka."

Jumbe Shehe hakusema tena habari ya kusimama naye. Alisema mvua iko karibu.

Isihaka alihamia Chunyu, kwa ndugu za mkewe. Mikorosho ilibaki, korosho zake akaziokota Swalehe. Chui aliendelea kuchukua mbuzi Ruponda, na ikasemwa sasa anatumwa kutoka Chunyu.

Huko Chunyu hajulikani kama mwindaji. Hategi hata kanga. Alfajiri hutangulia kisimani kabla ya wanawake, na siku akikuta nyayo za chui kwenye tope huvunja tawi akazifuta, zote, mpaka ukingoni.

"Umeona nini huko?" Mwanamvua humuuliza akirudi na tope miguuni.

"Sijaona kitu," husema, na kuketi kuosha miguu.