Jiwe la Kuitia Watu

Mwaka ule kabla ya Uhuru nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu Mwanza mjini, na kilichoniingiza katika mambo ya sinema ni lugha ya mama yangu tu. Mama alikuwa Mkerewe, baba fundi cherehani. Nyumbani tulisema Kiswahili, lakini kila likizo nilipelekwa Ukerewe kwa bibi, mama yake mama, na Kikerewe kikanikaa. Kwa hiyo Mzungu mmoja alipofika shuleni akitafuta mtu wa kumfasiria huko kisiwani, mwalimu mkuu alinitaja mimi.

Alikuwa anatengeneza sinema ya mawe. Walimu wenzangu walicheka. Mwanza nani asiye na jiwe uani kwake? Lakini yeye alitaka yale ya watu wa kale: miamba yenye michoro myekundu, mawe yaliyosimamishwa kwa mikono, na zaidi ya yote mawe yanayolia. Nikamwambia jiwe la namna hiyo lipo mlimani, juu ya nyumba ya bibi yangu, na yeye ndiye mlinzi wake.

Tulivuka kwa meli hadi Nansio, sisi watatu: yeye, mpiga picha mmoja wa Mwanza aliyekuwa na duka la picha karibu na msikiti, na mimi.

Jiwe lenyewe ni refu kama mtumbwi uliopinduliwa, limekaa juu ya mawe madogo, na ubavuni lina vishimo vilivyolika kwa kupigwa, laini kama ndani ya bakuli. Ukiligonga hapo kwa jiwe la kushika mkononi, linalia kama kengele. Mzungu aliinama, akatia vidole katika vile vishimo kimoja kimoja, kisha akaniambia nimuulize bibi ni nani aliyevichimba.

"Tulivikuta," bibi akajibu.

"Na wazee wake je?"

"Nao walivikuta."

Nilimfasiria. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

Jiwe lilipigwa kwa jambo moja tu: mtumbwi usiporudi. Aliyepotea katika ukungu ziwani akilisikia alijua nchi kavu iko upande gani, na waliokuwa mashambani waliacha majembe wakakimbilia ufukweni na mitumbwi yao. Babu yangu alipotea hivyo mama yangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Bibi alilipiga mpaka viganja vikachanika, na babu hakurudi. Mimi mwenyewe sikuwahi kulisikia. Watoto tulikatazwa hata kuliegemea.

Mzungu alipoomba lipigwe mbele ya mashine zake, bibi alikataa bila hasira.

"Mwambie nikilipiga watu watakuja. Wakija niwaambie nini?"

"Tutawatangazia mapema, bibi," nikasema. "Wajue kwamba ni picha tu, hakuna aliyepotea."

Akafikiri siku nzima. Jioni alisema anazeeka, na binti zake wote wameolewa mbali. Huenda ikafaa sauti ile ihifadhiwe mahali. Basi likatangazwa kanisani, msikitini na gulioni, na mjumbe akapita nyumba kwa nyumba.

Asubuhi iliyopangwa ilikuwa na upepo mwepesi kutoka ziwani. Mpiga picha aliitia kamera yake ufunguo, Mzungu akavaa masikioni visikilizio vya mashine yake ya kunasa sauti. Bibi akakaza khanga kiunoni, akashika jiwe la kupigia.

Akapiga pigo la kwanza. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko nilivyodhani, safi, na ilikwenda mbali. Nilisikia mwamba wa ng'ambo ukiirudisha. Chini kwenye mihogo watu waliokuwa wakipalilia waliinuka. Walikuwa wameambiwa, walijua, na hakuna aliyekuja. Lakini walisimama, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kulitazama ziwa, na majembe yakabaki chini.

Ndipo nikamwona mwanamke anakuja mbio kwa njia ya ufukweni. Kichwa wazi, jembe bado mkononi. Alikuwa jirani ya bibi, mjane, aliyekuwa ng'ambo akimuuguza binti yake aliyejifungua, akarudi alfajiri ile bila kukutana na mtu wa kumpa habari. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameingia ziwani usiku. Alipanda mlima wote akikimbia, akafika mbele yetu, akauliza:

"Nani? Ni nani?"

Bibi akaacha kupiga. "Hakuna mtu, mwanangu. Hakuna. Ni picha."

Yule mama alitazama kamera, akamtazama Mzungu, akanitazama mimi. Neno lile halikumwambia kitu. Aliketi palepale juu ya majani, uso ziwani, na hakuna tulichosema kilichomwinua. Bibi akaketi kando yake, akamfunika kichwa kwa khanga yake. Mzungu alivua visikilizio, akaniuliza kwa sauti ya chini aseme nini.

"Usiseme kitu, Bwana," nikamwambia. "Keti."

Akaketi. Tukakaa wote hivyo, juani, mpaka mtumbwi ukaonekana, mdogo, ukija bila haraka. Kijana alishuka ufukweni, chini yetu, na sato wake, akawa anapiga mluzi huku akikunja nyavu. Yule mama alihakikisha ni yeye. Kisha akajipangusa, akaokota jembe, akashuka kwa njia nyingine.

Tulipokuwa kwenye meli tukirudi nilimwomba Mzungu akate kile kipande cha yule mama. Niliona ni aibu kuuonyesha uchungu wa mtu aliyedanganyika.

"Mwalimu," akasema, "nimepiga picha mawe ya kale katika nchi nyingi. Sikuwahi kuona hata mtu mmoja akiliitikia jiwe."

Hakuniahidi kitu, nami nikaenda kukaa upande wa pili wa meli mpaka Mwanza.

Sinema ilirudi kisiwani miezi michache baada ya bendera yetu kupandishwa. Ilionyeshwa Nansio, mchana, ndani ya ghala la pamba, milango imefungwa na madirisha yamezibwa kwa magunia. Nilipewa kipaza sauti niwaeleze watu wanachokiona. Bibi alikaa mbele. Yule mama hakuwepo. Alikuwa amefariki wakati wa masika. Mwanawe alikuwepo, amesimama nyuma na mkewe.

Ikaja miamba, ikaja michoro, nikaieleza. Likaja jiwe, na bibi akilipiga, na watu wakaguna. Halafu akaja yeye, mbio, kichwa wazi, jembe mkononi, mpaka uso wake ukajaa shuka lote lililotundikwa ukutani. "Nani?" akauliza ndani ya ghala, kwa sauti yake ileile. "Ni nani?"

Nikashusha kipaza sauti.

Kijana alipita katikati ya watu mpaka mbele, kivuli chake kikaanguka juu ya picha, na hakuna aliyemwambia akae.

"Anamkimbilia nani?" akamuuliza bibi.

"Wewe."

Sinema ilipokwisha kijana aliomba kipande kile kirudiwe. Mwenye mashine akanitazama, nikamwitikia kwa kichwa. Safari hii watu wote walisimama, kama wanavyosimama jeneza likipita.

Jioni alitusindikiza, amembebea bibi kigoda. Mlangoni akasimama.

"Siku ile nilirudi na samaki," akasema, "nikamkuta amenuna. Akanipikia, hakuzungumza nami. Nikadhani nimemkosea, na nikaogopa kumuuliza kosa langu."

Bibi alipokea kigoda mkononi mwake.

"Ingia ule," akamwambia.

Tukaingia.